Majina ya Nani Tuyaandike Ukutani?

(Maneno ya Kamati ya Fedha mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Dar es Salaam. Yamechapwa hapa kwa ajili ya wanachama walioko nyumbani, mikoani na nje ya nchi ambao hawakuweza kufika.)



Kila mwaka Kamati ya Fedha hupangiwa nafasi baada ya chakula, na kila mwaka baadhi yenu husinzia tukifika kwenye salio la benki. Hatuwalaumu. Safari hii taarifa ya mapato na matumizi imekwisha kukaguliwa na imechapwa katikati ya kijitabu hiki, kila mtu aisome kwa nafasi yake na kuuliza atakacho. Muda wetu tumeomba tuutumie kwa jambo moja tu. Katika bajeti ya wodi ya wazazi tunayotaka kuijenga kwenye zahanati yetu, kuna mstari mdogo karibu na mwisho unaosema: "Kibao cha ufunguzi na kazi ya kuchonga maandishi." Kwa fedha ni kati ya mistari midogo kabisa. Lakini ndio mstari uliobishaniwa kuliko saruji, nondo na bati.

Mapendekezo yaliyofika mezani kwetu yalikuwa mawili. La kwanza ni lile la mazoea: jina la mgeni rasmi, cheo chake na tarehe, basi. La pili lilikuwa tuuze nafasi ukutani. Atakayetoa fedha nyingi jina lake lichongwe juu kwa herufi kubwa, wa kati achongwe katikati, na wa elfu kumi kumi waandikwe "na wananchi wengine". Sisi ni watunza fedha, hatukulidharau pendekezo hilo, maana lingetuletea fedha haraka. Hata hivyo tuliona si vizuri kuamua kabla ya kujua wenzetu duniani wameandika nini kwenye vibao vyao.

Tukaomba kwenye kundi letu la simu kila mwanachama, popote alipo, apige picha ya kibao chochote cha kumbukumbu ambacho si cha kawaida, atutumie pamoja na habari zake. Picha zilikuja nyingi, kutoka barabarani, makaburini, makanisani na vyuoni. Habari zake tulizihakiki kwanza, kama tunavyohakiki stakabadhi, na zile ambazo hazikuthibitika tuliziweka kando. Tumewaletea tano.

LANGONI KWETU MARANGU

Cha kwanza hakikutoka mbali. Sote tumepita pale langoni Marangu, wengine tukisindikiza wageni, wengine wetu tukiwa vijana tumewabebea mizigo wageni hao. Pale kuna kumbukumbu ya Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria. Kile kilele tunachokiita Uhuru, yeye alikipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm.

Meyer hakupanda kwa miguu miwili peke yake. Alipita kwa Mangi Marealle, akapata waongozaji na wapagazi, na kijana mmoja kutoka Pangani, Mwini Amani, alikaa naye kwenye baridi ya kambi ya juu akilinda vitu na kupika. Hao wote walikuwa kwenye msafara. Lakini kwa karibu miaka mia moja, mtu aliyetaka kujua nani aliupanda mlima wetu alipewa majina mawili tu ya Ulaya.

Mwaka 1989, wakati wa kuadhimisha karne moja ya safari ile, kamati ya maadhimisho iliamua kuwatunuku waongozaji na wapagazi wale. Katika kutafuta ikamfikia mzee wa Marangu aliyekuwa bado hai, Yohani Kinyala Lauwo. Mzee hakujua umri wake, wala hakumkumbuka Meyer kwa jina. Alichokumbuka ni kwamba alipanda na Wazungu bila viatu, na kwamba kabla ya vita vya kwanza alikuwa ameshapanda mara tatu. Kamati ikaridhika kwamba alikuwemo, na kwa hesabu yake akawa amezaliwa karibu mwaka 1871. Alifariki tarehe 10 Mei 1996.

Wapo wanaoitilia shaka hesabu hiyo, kwa sababu inampa umri wa miaka kama 125. Sisi wahasibu tunawaelewa. Lakini tujiulize shaka hiyo imetoka wapi. Imetoka kwenye ukweli kwamba mwaka 1889 hakuna aliyeona umuhimu wa kuandika vizuri majina ya waliobeba mizigo, baba zao na vijiji vyao. Kama yangeandikwa siku ile, kusingekuwa na la kubishania. Leo pale langoni kipo pia kibao cha majina ya watu wa kwetu waliokwenda na Meyer. Kimekuja baadaye sana, na tunashukuru kimekuja. Ila deni lililolipwa baada ya mdai kuzikwa, mnajua wenyewe linavyolipwa.

DARAJA LA CHAMBESHI

Picha ya pili ilitumwa na mwanachama wetu anayeendesha lori kwenda Zambia. Barabarani kati ya Kasama na Mpika kuna mto Chambeshi, na karibu na daraja lake kuna mnara wenye kibao. Kibao hicho hakikumbuki mapigano wala kifo cha mtu. Kinakumbuka watu wawili kupashana habari.

Vita vya kwanza viliisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Huku kwetu Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani alikuwa hajui. Alikuwa ameshatoka Msumbiji na kuingia Rodesia ya Kaskazini, na jeshi lake lilikuwa bado linatembea. Kibao kinasema kwamba mahali pale, saa 1:30 asubuhi, siku ya Alhamisi tarehe 14 Novemba 1918, jenerali huyo alipata habari ya kusimama kwa vita kutoka kwa Hector Croad, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Kasama. Tarehe 25 mwezi huohuo jenerali akasalimisha silaha mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala.

Sisi tulikisoma kibao kile kwa macho ya kazi yetu, tukakisifu. Saa imeandikwa, siku ya wiki imeandikwa, tarehe imeandikwa, na aliyeleta habari ametajwa. Hivyo ndivyo kumbukumbu inavyotakiwa kuwekwa. Lakini jeshi lile la Wajerumani, kama lile la Waingereza lililokuwa likilifukuza, lilikuwa la askari Waafrika na wapagazi Waafrika, na wengine walifuatwa na wake zao na watoto wao porini kwa miaka minne. Wote hao waliathirika na habari ile asubuhi ile kuliko mtu mwingine yeyote. Majina mawili yakatosha.

SANAMU YA ASKARI, HAPA MJINI

Cha tatu wengi wenu mmekipita asubuhi ya leo. Ni Sanamu ya Askari pale katikati ya mji, iliyotengenezwa na James Alexander Stevenson na kusimamishwa mwaka 1927. Tunapita pale kila siku tukikimbilia daladala au benki. Ni wangapi kati yetu tumewahi kusimama na kusoma?

Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawakumbuka askari Waafrika waliopigana vita vya 1914 hadi 1918, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Kisha yanasema kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako. Maneno hayo ya Kiingereza yaliandikwa na Rudyard Kipling. Mwanachama aliyetuma picha aliuzunguka mnara wote akitafuta majina yenyewe. Hakupata hata moja.

Msidhani ni ukali wetu wa kupekua. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa yake yenyewe. Ikakiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000 waliokufa katika vita vile, wengi wao kutoka Asia na Afrika, hawakukumbukwa sawa na wenzao. Ikakiri pia kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Ndugu zangu, tazameni pengo lililopo kati ya 116,000 na 350,000. Mhasibu akileta hesabu yenye pengo hilo hafukuzwi tu kazi, anapelekwa mahakamani. Na hawa ni watu.

Wapagazi wale Waingereza waliwaita "Carrier Corps". Midomo ya watu wetu ikalitamka kwa njia yake, na sehemu waliyokaa ikaitwa Kariakoo. Kila tukienda kununua vitambaa na vyombo Kariakoo tunataja jina la wapagazi wale bila kujua. Hicho nacho ni kibao, ila kimeandikwa kwenye ulimi.

JIWE LA BERLIN

Picha ya nne ilitumwa na binti yetu anayesoma Ujerumani. Kule kuna mchonga sanamu aitwaye Gunter Demnig ambaye tangu miaka ya 1990 anapachika vijiwe kwenye njia za watembea kwa miguu. Kila kijiwe kina upana wa sentimita 10 na juu yake bamba la shaba, na kinawekwa mbele ya nyumba alimoishi mtu aliyeteswa au kuuawa na serikali ya Hitler. Leo viko zaidi ya 100,000 katika nchi nyingi za Ulaya. Kijiwe kimoja ni cha mtu mmoja. Kikichakaa, majirani wenyewe hutoka na kitambaa wakakisugua.

Kijiwe alichokipiga picha kipo Brunnenstraße, Berlin, na kimewekwa mwaka 2007. Kinasema hapa aliishi Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Mtu wa mji huu huu! Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani, na vita vilipoanza mwaka 1914 naye akaingia jeshini pamoja na baba yake, akiwa mtoto wa miaka kumi. Alijeruhiwa Mahiwa mwaka 1917 na kuchukuliwa mateka na Waingereza.

Mwaka 1929 alifika Berlin. Alifuata nini? Alifuata mshahara. Alikuwa akidai malipo ya jeshini, yake na ya baba yake, ambayo yalikuwa hayajalipwa tangu vita. Serikali ikamjibu kwamba amechelewa kudai. Akabaki kule kule. Alifanya kazi ya kuhudumu hotelini, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, akaoa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke mweupe, jambo ambalo serikali ile ilikuwa imelipiga marufuku. Alipelekwa bila kesi kwenye kambi ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944.

Deni lake hakulipwa. Lakini kwa kuwa alidai kwa barua, na barua zile zilitunzwa, watafiti waliweza kuyajua maisha yake, na leo mtu anayepita mtaa ule akiinamisha kichwa anasoma "Dar es Salaam". Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeona kwamba na mtu ni vivyo hivyo.

UKUTA WA LONDON

Cha tano kilitumwa na wanachama wetu walioko Uingereza. Katikati ya London kuna bustani ndogo iitwayo Postman's Park, kwa sababu ilikuwa karibu na posta kuu na watu wa posta walikuwa wakipumzika humo. Mchoraji George Frederic Watts aliona kwamba nchi yake imejaa sanamu za majenerali na wafalme, wakati watu wa kawaida waliokufa wakiokoa wenzao wanasahaulika. Mwaka 1887 aliandika gazetini kupendekeza wakumbukwe. Hakuna aliyemsikiliza, basi akaifanya kazi mwenyewe, na ukuta ukafunguliwa mwaka 1900.

Ukuta huo hauna marumaru. Una vigae, vile vya kuchomwa kwenye tanuri. Kila kigae kina jina, alichofanya mtu na tarehe, basi. Kuna Alice Ayres, binti wa kibarua wa fundi matofali, ambaye mwaka 1885 aliwatoa watoto watatu kwenye nyumba iliyokuwa ikiungua, yeye akafa. Kuna Thomas Simpson, aliyekufa kwa kuchoka baada ya kuwaokoa watu wengi waliozama barafu ilipopasuka. Kuna Solomon Galaman, mtoto wa miaka 11, aliyemsukuma mdogo wake asigongwe barabarani mwaka 1901, akagongwa yeye. Kigae chake kimeyatunza maneno aliyomwambia mama yake: kwamba amemwokoa mdogo wake, ila mwenyewe hakuweza kujiokoa.

Watts alifariki mwaka 1904 vigae vikiwa vichache, na mkewe Mary akaendelea. Sasa viko 54 vyenye majina ya watu 62. Baada ya miaka mingi bila nyongeza, mwaka 2009 kikawekwa kigae cha Leigh Pitt, aliyekufa mwaka 2007 akimwokoa mtoto asizame. Nafasi bado ipo. Hilo ndilo lililotuvutia zaidi sisi wa fedha: ni ukuta ambao vitabu vyake vilifunguliwa tena.

TURUDI NYUMBANI

Baada ya kuziangalia picha hizo tulifanya jambo ambalo tungeweza kulifanya kwanza. Tuliwaomba wenzetu walioko kijijini wapige picha kibao cha zahanati yenyewe. Kipo kulia kwa mlango, kimepakwa rangi mara nyingi pamoja na ukuta, mpaka ikabidi wakwangue. Kinasema zahanati ilifunguliwa rasmi, na kinataja mgeni rasmi, cheo chake na tarehe. Mgeni huyo alifika asubuhi, akakata utepe, akala ndizi na nyama, akaondoka kabla ya mvua. Hatumlaumu, alifanya aliloalikwa kulifanya. Lakini kwa mujibu wa ukuta ule, zahanati ile ni kazi yake peke yake.

Sasa sikilizeni. Ili wodi ya wazazi ijengwe, eneo la zahanati halitoshi. Inabidi tupate kipande cha shamba linalopakana nayo. Tulituma wajumbe watatu kwenda kuzungumza na wenye kihamba hicho. Walipokewa vizuri, wakakaribishwa, wakanywa. Walipofika kwenye jambo lenyewe, mkubwa wa familia aliwauliza swali moja: "Hapo ilipo zahanati palikuwa pa bibi yetu. Alipatoa bila kudai hata senti. Imeandikwa wapi?"

Wajumbe walikosa jibu. Mnajua kihamba ni nini kwetu. Si kiwanja cha kununua na kuuza. Ndimo migomba na kahawa zilimopandwa na babu, ndimo mfongo unamopita, ndimo waliozikwa waliotuzaa. Mjane aliyekuwa na watoto wa kulisha alikata sehemu ya kihamba akawapa wanakijiji wajenge mahali pa kutibiwa, na leo hakuna karatasi wala jiwe linalosema hivyo. Wajukuu zake wanaombwa tena, na wanaombwa na watu waliomsahau wa kwanza.

Tukaanza kutafuta. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa katibu wa ujenzi wakati ule, alikuwa na daftari sandukuni. Ni daftari la shule la kawaida, kurasa zimekuwa za njano, panya wamekula pembe moja. Humo mna msaragambo wote wa zahanati, nyumba kwa nyumba. Fulani, siku sita, mawe. Fulani, siku nne, mchanga kutoka mtoni. Fulani, mikungu miwili ya ndizi kwa mafundi. Fulani, debe la mbege. Fulani hana nguvu, amemtuma mwanawe. Na kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa, limeandikwa jina la mama yule, na mbele yake neno moja: "Ardhi."

Sisi tumekagua vitabu vya kampuni na mashirika kwa miaka mingi. Tunawaambia kwa heshima kwamba ni mara chache tumeona vitabu vilivyoandikwa kwa uaminifu kama daftari lile. Zaidi ya nusu ya majina yaliyomo ni ya akina mama. Wengi wamekwisha kufariki.

Tuliwapelekea familia nakala ya ukurasa ule wa kwanza. Mkubwa wa familia aliusoma, akamwita mkewe naye akausoma. Wametoa jibu lao: kipande cha ardhi watakitoa. Hawakutaja bei. Wanachotaka ni jina la bibi yao liandikwe mahali ambapo mwanamke anayekuja kujifungua anaweza kulisoma. Hatulitaji hapa kwa sababu wameomba lisomwe mara ya kwanza siku ya ufunguzi, na ni haki yao.

MAPENDEKEZO YETU

Ndugu Mwenyekiti, kwa hiyo tunaomba mkutano huu upitishe mambo yafuatayo kuhusu kibao cha wodi.

Kwanza, jina la mama aliyetoa ardhi ya zahanati, na la familia iliyotoa ardhi ya wodi, yawe juu kabisa.

Pili, majina yote yaliyomo kwenye daftari la msaragambo yaandikwe, yakifuatiwa na ya watakaochangia wodi. Yafuate alfabeti, kwa herufi za ukubwa mmoja. Aliyetoa milioni na aliyetoa siku tatu za kubeba mawe wakae safu moja.

Tatu, mgeni rasmi aandikwe pamoja na tarehe, chini. Mgeni hashindwi kukaa karibu na mlango, na ndiye atakayetusaidia kudai dawa na wakunga huko mbele.

Nne, badala ya marumaru moja tutumie vigae, ili majina yaongezwe. Wodi itahitaji rangi, magodoro na paa jipya muda wote tutakaoishi na baada yetu. Watakaofanya hayo nao waandikwe.

Tano, daftari lenyewe likarabatiwe na kutunzwa, na nakala yake ikae hapa mjini.

Mtatuuliza kama hatutawapoteza wachangiaji wakubwa. Tuliwauliza wenyewe kabla ya kuja hapa. Mmoja, ambaye ahadi yake ndiyo kubwa kuliko zote mwaka huu, aliomba kwanza aonyeshwe daftari. Alilipekua taratibu mpaka akafika mahali alipoandikwa mama yake: siku tisa, mchanga. Akafunga daftari. Alisema ahadi yake iko palepale, na kwamba akiandikwa jirani na mama yake inamtosha.

Kuhusu fedha yenyewe, kila mchango utapewa stakabadhi yenye namba, uwe wa simu, wa benki, wa mifuko ya saruji au wa siku za kazi. Siku za kazi zitahesabiwa na katibu wa kijiji na kusainiwa kila jioni. Orodha itabandikwa kwenye mbao za matangazo, nyumbani na hapa mjini, kila mwezi. Atakayeona jina lake limekosekana au limekosewa atuambie mapema, kwa sababu kigae kikishachomwa hakifutiki.

Wengi wetu tulizaliwa kwenye zahanati ile, au mama zetu walishushwa kwenye machela kutoka pale mpaka hospitali ya mbali, usiku, kwenye utelezi. Wapo waliofika na wapo ambao hawakufika. Wodi hii ni ya kupunguza safari hizo. Fomu za ahadi ziko kwenye meza ya kulia, peni zipo, na wajumbe wetu wawili wamekaa pale. Andikeni majina yenu kamili, la kwako, la baba na la ukoo, kwa herufi zinazosomeka. Na kama mama yako au bibi yako alibeba mchanga ule, liandike na lake pembeni, tukalitafute kwenye daftari.